Antena Zote Zilitazama Kaskazini

Verlyn Tollefsrud alikuwa fundi antena wa bonde la Soldal, huku Wisconsin, Marekani, na kila alipomaliza kazi alikuwa na maneno yake. Alishuka, akalaza ngazi kwenye gari, akafuta mikono kwa kitambaa, kisha akamwambia mwenye nyumba: "Ikikataa kuona, nipigie. Nitaigeuza bure mpaka siku nitakapokufa." Watu walicheka wakamwambia basi asife mapema. Yeye hakucheka sana. Maneno hayo aliyasema kwenye nyumba mia moja thelathini na nane, na hakuna hata moja aliyoisahau.

Kazi hiyo ilishamfia mikononi mara moja. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, ana duka la redio na televisheni barabara kuu, televisheni ya waya, yaani kebo, ilipoingia Soldal mwaka 1984. Haikupita miaka minne, wale wale waliokuwa wakimwita awafungie antena wakaanza kumwita aje azing'oe. Akazing'oa. Nguzo zake watu wakazitumia kupandishia maharage bustanini, na yeye akafunga duka, akaendesha lori la maziwa miaka ishirini na mitano bila kumlaumu mtu. Mkewe, marehemu Lavonne, ndiye aliyelaumu kwa niaba yake, na alilaumu vizuri.

Halafu kebo nayo ikazidi. Bei ikawa inapanda kila mwaka, chaneli mia mbili na hakuna cha kutazama, mpaka watu wakaanza kuikata mmoja mmoja. Wenzetu wa mijini walipokata kebo walihamia kwenye intaneti. Soldal intaneti inafika kwa kuchechemea, vilima vimeibana kila upande. Ukitumiwa picha ya mjukuu, zinaanza kuonekana nywele, unakwenda kuchemsha kahawa, ukirudi imefika shingoni. Basi watu wakakumbuka kwamba matangazo bado yanapita hewani bure kama zamani. Wa kwanza kumpigia Verlyn alikuwa Bibi Ardis Nygaard, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri, mwaka 2013. Alimuuliza kama ile ngazi yake bado anayo. Verlyn alikuwa na miaka sitini na miwili, magoti yanalia, na ngazi alikuwa nayo.

Usidhani ni kazi ya kuelekeza chuma kwenye mnara tu ukaenda zako. Mnara wa Kituo cha Saba, televisheni yetu ya mkoa, uko kaskazini, mwendo wa saa nzima kwa gari, na katikati pana vilima. Mawimbi yakifika kwetu yanagonga majabali, yanaruka huku na huku, kwa hiyo kila nyumba ina upenyo wake. Ya jirani inatazama pengo la mlima, yako inatazama ukuta wa jiwe, na wote mnaona picha ile ile. Verlyn alikuwa akikaa juu ya paa robo saa nzima anasogeza chuma kwa unene wa kidole, na chini hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mwisho wa yote, antena za Soldal zilitazama kaskazini, kila moja na ukaidi wake.

Aprili mwaka 2024, akiwa na miaka sabini na mitatu, alianguka. Paa lilikuwa la mfugaji mmoja wa juu kilimani, lina kuvu ya kijani iliyoloa umande wa asubuhi, na mguu ukamtoka. Nyonga ilivunjika. Alilala chini akitazama antena, akamwambia mfugaji kwamba imepinda kidogo kulia. Binti yake wa pekee, Karla, dereva wa basi la shule, alimsikia akilisema hilo tena hospitalini na hakuona la kuchekesha. Alikaa pembeni ya kitanda, akamtaka aahidi kwamba mguu wake hautakanyaga ngazi tena. Verlyn akaahidi. Kila mtu Soldal anajua kwamba Verlyn akiahidi ameahidi, na Karla alijua kuliko wote.

Halafu Julai ikaja habari ya Kituo cha Saba.

Kwa miaka sitini na mmoja Kituo cha Saba kilikuwa kinarusha matangazo ya mtandao mmoja mkubwa wa televisheni wa taifa: tamthilia za jioni, habari za dunia na, kubwa kuliko yote, mpira wa Jumapili, ule wa Kimarekani wa kubebwa mikononi, wa timu ya jimbo letu la Wisconsin. Sasa mtandao ule na wenye kituo walishindwana. Watu wakikata kebo, fedha iliyokuwa ikigawanywa kati yao inapungua, na kila mmoja anataka kipande kile kile alichozoea. Wenye kituo wanaishi mbali, hata njia ya Soldal hawaijui, na wenye mtandao wanaishi mbali zaidi. Wakubwa hao wakakaa, wakagombana, wakaachana. Kuanzia tarehe mosi Septemba mtandao ungehamia Kituo cha Ishirini na Tatu, ambacho mnara wake uko kusini. Kituo cha Saba kingebaki na habari zake za mkoa, bwana wa hali ya hewa tunayempenda, na filamu za zamani za kujaza saa zilizobaki. Maandishi yakawa yanapita chini ya skrini kutwa: tarehe mosi, chukua rimoti, sachi chaneli upya, yaani iamuru televisheni izitafute.

Ilisemwa kana kwamba kusachi kunatosha. Unasachi nini, na antena imekipa kisogo kituo chenyewe?

Verlyn aliyasoma maandishi yale akiwa kwenye kiti, fimbo magotini, akaelewa papo hapo. Nyumba mia moja thelathini na nane zinakwenda kukataa kuona kwa siku moja, na zote alishaziambia zipige simu. Hakuogopa, kusema kweli alifurahi, furaha ambayo hakuwa nayo tangu Lavonne amzike na kumwacha... yaani, tangu amzike Lavonne, kwa maana siku zile hata yeye mwenyewe alijiona ndiye aliyezikwa. Mwezi mzima wa Agosti alikaa mezani na ramani ya vilima, penseli na rula, akitafuta upenyo mpya wa kila nyumba. Zipo alizogundua kwamba jabali moja linaweza kumletea mtu vituo vyote viwili, Ishirini na Tatu kwa mpira na Saba kwa hali ya hewa, na akizipata hizo alikuwa anapiga meza kwa kiganja. Ahadi ya Karla hakuwa na nia ya kuivunja. Yeye angesimama chini aelekeze, na apande yeyote wa nyumba hiyo mwenye miguu mizima. Mpango huo hakumweleza mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Tarehe mosi ikafika. Simu haikulia.

Tarehe mbili haikulia. Jumapili ya kwanza ya mpira alioga mapema, akavaa suruali ya kazi, akakaa karibu na simu mpaka jioni. Jumatatu alimwambia Karla aipigie hiyo simu kutoka barabarani, aone kama ni nzima. Ikalia vizuri kabisa. Karla akamuuliza kwani anasubiri nani, naye akasema hasubiri mtu.

Hapo lazima uwajue watu wetu. Soldal mtu akiungua nyumba, anawaomba radhi zimamoto kwa kuwaamsha. Kuomba ni kitu cha mwisho kabisa, na kwenda kwa mtu bila kuitwa kunafuata kwa karibu. Verlyn hakuweza kumgongea mtu mlango na kusema nimekuja kugeuza antena yako. Ingekuwa kama kumwambia kwamba amekosa adabu kwa kutompigia. Basi akakaa. Na akikaa, akawa anawaza lile ambalo mtu wa umri wake huliwaza: kwamba wameshapata njia nyingine, pengine intaneti imenyooka bila yeye kujua, pengine kuna fundi kijana kutoka mjini, na kwamba maneno yake ya miaka kumi na moja yalikuwa maneno ya mzee wa kuchekesha tu. Iliuma. Iliuma kuliko nyonga, maana nyonga ilikuwa na vidonge.

Jumapili ya pili, saa sita mchana na dakika chache, mpira umeshaanza, alichukua ufunguo wa gari akajisemea kwamba maziwa yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Aliendesha polepole barabara ya mtoni akiangalia mapaa. Nyumba ya kwanza, kaskazini. Ya pili, kaskazini. Alipita kanisani, akapita kiwanda cha jibini, akapanda mpaka kwa mfugaji wa juu ambako alianguka: kaskazini, na bado imepinda kidogo kulia. Hakuna hata moja iliyoguswa. Hakuna fundi wa mjini aliyefika. Na mapaa yale hayakuwa na sahani za setilaiti wala waya mpya wa aina yoyote. Bonde zima lilikuwa limekaa gizani siku ya mpira, na Verlyn hakuelewa.

Kwa Bibi Ardis ndiko alikosimama, kwa sababu alimwona barazani. Bibi Ardis alikuwa na miaka themanini na sita, amevaa jezi ya timu inayomfika magotini, na pembeni yake redio ndogo inatangaza mpira kwa mikwaruzo. Alipoliona gari aliipunguza sauti haraka, kama aliyekutwa na chupa.

Alimkaribisha kahawa. Verlyn akasema anapita tu. Akamkaribisha tena, Verlyn akasema asijisumbue. Mara ya tatu akaipokea, maana kwetu kahawa haipokelewi kabla ya mara ya tatu, ikaja na lefse mbili, zile chapati za viazi, zimepakwa siagi na sukari. Waliongea habari za mvua. Kupitia mlangoni televisheni ilikuwa inaonekana, wanaume wenye kofia wanapigana bastola.

"Mnaonaje televisheni siku hizi, dada Ardis?" Verlyn akauliza.

"Nzuri tu. Hatuna shida."

"Antena yako inatazama kaskazini."

Bibi Ardis akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari. "Inaona inachoona."

"Umevaa jezi, unasikiliza redio, ndani kuna watu wanapigana bastola. Hiyo filamu ya mwaka gani?"

"Sijui. Ila farasi wake ni wazuri."

Verlyn akaweka kikombe chini. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mbona hukunipigia?"

Bibi Ardis aliizima redio. Hakuwa mtu wa kudanganya mara mbili kwa siku moja, kwa hiyo akasema. Mwezi wa tano, Verlyn akiwa bado hospitalini, Karla alisimama kanisani wakati wa matangazo. Alisema baba yake nyonga imesagika, na kwamba wao wote wanamjua, akiitwa atakwenda, na akienda atapanda. Akawaomba wasimpigie. Hakuna aliyekuwa amemwona Karla akilia tangu akiwa shule ya msingi, naye siku ile alilia mbele ya watu wote, ameshika kofia yake ya basi. Wote wakakubali bila kupiga kura. Wiki iliyofuata habari ikafika kwa Wakatoliki, nao wakakubali. Kituo kilipohama, kila nyumba ikasachi, ikakosa, ikazima, ikanyamaza.

"Na mimi hakuna aliyeona vyema kuniambia," Verlyn akasema.

"Tulisema tusikusumbue."

"Wiki mbili nimekaa na simu, dada. Nilidhani mmenisahau."

"Kukusahau?" Bibi Ardis akamgeukia. "Verlyn, kila Jumapili nikiwatazama hao wapumbavu na farasi wao, ninakukumbuka wewe tu."

Machozi yalikuwa yamemlenga Verlyn na hakutaka yaonekane, kwa hiyo akala lefse. Alipoimaliza alikuwa amepata hasira, na hasira ikamsaidia kusimama. Akaomba simu, akampigia Karla. Akamwambia aje kwa Bibi Ardis sasa hivi, na aje na viatu vyenye kushika.

Karla alifika baada ya dakika kumi, akakuta ngazi ya alumini imeshashushwa kutoka gari la baba yake, imesimama ukutani. Alishuka garini hata mlango hakufunga.

"Baba, uliniahidi."

"Niliahidi. Mguu wangu huu hapa, uko kwenye majani. Uangalie vizuri."

"Basi hiyo ngazi ya nani?"

"Yako."

Karla alimtazama Bibi Ardis, Bibi Ardis akatazama redio. Ndipo akajua kwamba kanisa limesema.

"Wewe ndiye uliyewafunga watu midomo," Verlyn akasema. "Nyumba mia moja thelathini na nane umenifanya mwongo. Haya, panda uigeuze hiyo moja."

Alilisema kwa ukali, na alikusudia liwe kali. Karla hakubishana. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mpana wa mabega, ameshawatuliza watoto hamsini kwenye barafu kwa kuwatazama tu kwenye kioo. Akapokea spana, akaitia mfuko wa nyuma, akaanza kupanda. Verlyn akashika ngazi kwa mikono miwili.

Miaka yote ile ya kupanda mapaa, na hakuwahi kuwa upande ule. Ukiwa juu, paa ni mahali tu pa kufanyia kazi. Unaona mikono yako, unaona bolti, unaona vilima. Kutoka chini aliona nyayo za viatu vya mwanawe zikimwacha hatua kwa hatua, halafu zikageuka, halafu zikapotea ukingoni, na kilichobaki ni sauti ya mtu mzito akitembea juu ya mteremko. Paa la Bibi Ardis alilijua kwa moyo. Hakuwahi kujua kwamba lina urefu ule.

"Nimeifikia," Karla akaita.

Verlyn akaelekeza. Igeukie kusini, iachane na mlima, itafute ukuta wa jiwe nyuma ya kiwanda cha jibini, pale kwenye mti uliokauka. Zaidi. Rudi kidogo. Bibi Ardis alikuwa ndani na rimoti, anasachi na kutoa taarifa za nguvu ya mawimbi dirishani kama mhudumu wa benki: asilimia kumi na mbili, asilimia thelathini, hakuna kitu. Wakasogeza unene wa kidole. Akasachi tena. Mara kipande cha kuvu kavu kikaporomoka kutoka juu, kikaanguka karibu na bega la Verlyn.

"Karla?"

"Niko sawa."

"Umeteleza?"

"Kidogo. Niko sawa, Baba."

Hasira yote ilimwisha pale pale. Ilimtoka hata hakuiona inakoelekea, na mahali pake pakaingia woga ambao hakuwa na mazoea nao. Aliishika ngazi mpaka vidole vikawa vyeupe.

Bibi Ardis akatoa kichwa dirishani. "Imekuja," akasema. "Safi kabisa. Tumefungwa kumi na saba kwa tatu." Akaacha dirisha wazi, na mara akasikika kwenye simu akimwambia mtu kwamba Verlyn anapokea wito, ila kila nyumba ijitafutie wa kupanda, na wewe mwambie wa pili na wa pili amwambie wa tatu. Ndivyo habari za misiba zinavyokwenda kanisani kwetu, na hii nayo ilikwenda hivyo, kwa kasi zaidi.

Verlyn alisikia, na lingekuwa jambo la kumfurahisha. Lakini alikuwa anatazama ukingo wa paa.

"Shuka sasa," akasema.

"Bado bolti moja."

"Iache. Shuka, mwanangu. Nakuomba."

Juu spana ikanyamaza. Baba yake hakuwahi kumwomba kitu maishani, wala maji. Baada ya muda nyayo zikatokea ukingoni, moja ikatafuta ngazi ikaipata.

"Karla," akasema, angali anaangalia nyayo hizo. "Mama yako nilipokuwa juu alikuwa akifanya nini?"

"Si alikuwa anashika ngazi. Tulikuwa tunashika wote wawili."

"Najua. Alikuwa anaogopa isiteleze."

Karla alishuka hatua mbili kabla ya kujibu. "Isingeteleza, Baba. Ulikuwa unaifunga kamba kila mara. Hata leo umeifunga."

Verlyn akatazama. Kamba ilikuwapo, fundo lake mwenyewe, imekazwa kwenye nguzo ya baraza. Ameifunga bila kujua, kama alivyoifunga maisha yake yote, na mikono yake ilikuwa imeng'ang'ania ngazi ambayo haikuwa na pa kwenda. Karla alikanyaga majani, akafuta viganja kwenye suruali, akasubiri ampishe. Baba yake hakusogea. Ikabidi amshike mkono na kumfungua vidole kimoja kimoja.

"Achia, Baba," akamwambia. "Nimeshafika chini."